Kupima Barua Kabla ya Kulipa

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na watunza hazina wa vyama wanachama, Ngokolo, Shinyanga)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya hila zinazopita katika mawasiliano ya biashara ya siku hizi, yaani barua pepe, ujumbe wa simu na mazungumzo ya mitandao, na jinsi ya kuzitambua kabla fedha ya wanachama haijaondoka. Najua wengi wenu mmetoka mbali na wengine mmeamka usiku kuwahi basi. Sitawachosha kwa maneno ya kitaalamu, kwanza kwa sababu mimi mwenyewe si mtaalamu wa mitambo. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na kazi yangu kwa miaka kumi na minane imekuwa kufungua vitabu vya vyama na kulinganisha stakabadhi na hundi. Nitakayosema nimeyaona zaidi katika vitabu hivyo.

Nianze na jambo la kale, ambalo wazee waliopo hapa wanalijua kuliko mimi. Mkulima wa pamba wa Usukuma, kabla ya kuwapo ushirika, alikuwa akifika kituo cha kununulia, mzigo wake unapandishwa kwenye mizani ya mnunuzi, anatajiwa uzito, naye anaondoka akijua moyoni kwamba amepunjwa lakini hana ushahidi. Kumkazia macho mpimaji hakukumfaa kitu, maana mpimaji mwizi na mpimaji mwaminifu wote walikuwa wakitabasamu. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo, ili uzito uhakikiwe na mtu wao. Kutokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani na wenzake wakiwa mbele, vyama vya msingi vikaenea, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo kabla ya Uhuru lilikuwa limekwisha kushika ununuzi wa pamba ya Kanda ya Ziwa. Ushirika wetu, kwa hiyo, ulizaliwa kandokando ya mizani. Wazee hawakujaribu kusoma nyuso za wanunuzi. Walipima upya.

Leo mizani imehamia kwenye simu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, fedha ya mkulima inasafiri bila gari. Taarifa za vyama vyetu zinaingizwa katika mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Dengu na choroko zinauzwa kwa mnada wa mtandao wa Soko la Bidhaa, na bei inaonekana na kila mtu siku ile ile. Siyalaumu mambo haya hata kidogo. Mwenye kutaka turudi kwenye kubeba mabunda ya noti ndani ya viroba, amesahau watu waliovamiwa njiani kwa ajili ya viroba hivyo. Lakini palipohamia fedha, na mpunjaji naye huhamia.

Hila ndogo ndogo nitazipita upesi, maana mnazijua. Kila mmoja wetu amewahi kupokea ujumbe usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii." Aliyeuandika hakujui wala hajui kama unadaiwa. Ameupeleka kwa maelfu ya watu, akitumaini kwamba miongoni mwao yupo mmoja ambaye saa ile ile alikuwa akitafuta simu amlipe mtu. Mimi mwenyewe ulinikuta siku niliyomwahidi fundi wa kisima malipo yake. Nilikwisha bonyeza tarakimu sita za mwanzo mke wangu aliponiuliza, "Kwani fundi amebadilisha namba lini?" Nikaaibika, nikafuta. Ipo pia ile ya ujumbe wa uongo wa "Umepokea fedha," unaofuatwa na mtu anayelia kwamba amekosea namba na anaomba arudishiwe. Dawa yake ni kutazama salio lako, si kutazama ujumbe. Na anayepiga simu akijiita mhudumu wa kampuni ya simu kwa namba ya kawaida, mkatieni: wahudumu wa kweli hupiga kwa namba 100.

Hizo ni hila za kuvua kwa wavu. Zinazoviangamiza vyama ni zile za ndoana, ambazo mvuvi amekwisha kumjua samaki wake. Hapa nataka nikae kidogo, na nitawaeleza kisa kimoja ambacho mimi mwenyewe nina sehemu yangu ya lawama ndani yake. Chama sitakitaja.

Chama hicho kiliagiza kwa mfanyabiashara wa Mwanza mabomba 108 ya kupulizia dawa ya pamba, kila moja kwa Sh. 60,000, jumla Sh. 6,480,000. Bei ilikubaliwa kwa barua pepe, ankara ikaja kwa barua pepe. Chama hakina kompyuta. Katibu alikuwa akienda mjini kwenye duka la steshenari, anafungua barua za chama, anachapisha, analipia kurasa, anaondoka kuwahi gari. Siku moja aliondoka bila kuifunga barua pepe ile. Nani aliyekaa kwenye kiti baada yake, hatukujua mpaka leo.

Siku ya Ijumaa mchana ikaja barua nyingine. Ilikuwa na nembo ya mfanyabiashara yule yule, mhuri wake, namba ya ankara ile ile, idadi ya mabomba 108 na jumla ile ile mpaka shilingi ya mwisho. Ilisema kwamba akaunti ya zamani iko katika ukaguzi, malipo yafanywe kwenye akaunti mpya, na kwamba Jumatatu bei ingepanda. Ikaongeza kuwa simu ya ofisi imeharibika, hivyo majibu yapitie barua pepe tu. Saa moja baadaye Katibu akapokea ujumbe kwenye simu, kutoka namba ngeni: "Habari za mchana Katibu, ni Mwenyekiti wako, natumia simu ya kijana wangu. Lipa yale mabomba leo, tusije tukapandishiwa bei." Mwenyekiti kweli alikuwa safarini Maswa, msibani. Na kabla ya kuondoka, ndugu zangu, alikuwa ameacha hati tatu za benki zilizokwisha kutiwa sahihi yake, zikiwa tupu.

Katibu akajaza mojawapo. Fedha ikaondoka kabla benki haijafunga.

Mabomba hayakuja. Mvua ikaendelea, pamba ikatoa vitumba, funza wakaingia, na wanachama wakawa wanaazimana mabomba mabovu ya msimu uliopita. Mfanyabiashara wa Mwanza alipoulizwa alisema hajaona hata senti. Mkutano ukaitwa. Mwenyekiti akasema hakutuma ujumbe wowote, na katika hilo alisema kweli. Kuhusu zile hati tatu tupu hakusema neno. Mimi nikaletwa kukagua.

Nilipekua vitabu kwa siku mbili. Nikaandika kwa mkono wangu huu: "Katibu alihamisha fedha za chama kwenda akaunti isiyo ya mwuzaji." Sentensi ile ilikuwa ya kweli neno kwa neno, na kila aliyeisoma alielewa uongo. Nilifundishwa kumtafuta mwizi ndani ya chama, kwa kuwa mara nyingi ndimo alimo, nami nikamwona mtu aliye karibu na kalamu nikatosheka. Barua yenyewe niliitazama, nikaona nembo na mhuri, nikahukumu kwamba Katibu ameitengeneza yeye. Kijijini wakamaliza kazi iliyobaki. Watu wakaacha kupita kwake, na kisimani mkewe akawa anaachiwa zamu ya mwisho. Aliuza ng'ombe wawili wa jembe ili aanze kulipa fedha ambayo hakuila.

Miezi miwili baadaye mfanyabiashara wa Mwanza alikuja mwenyewe na karatasi zake, akitaka kulisafisha jina lake. Tukaziweka barua zake na ile barua moja juu ya meza moja. Anwani yake ina neno "pamba." Katika barua ile ya Ijumaa halikuwa "pamba." Mahali pa herufi m palikuwa na r na n zimekaa karibu karibu: "parnba." Andikeni kwa herufi ndogo mwone. Nilivua miwani, nikavaa tena. Nilikuwa nimeishika karatasi hiyo mara tatu.

Sasa, kosa lilikuwa wapi? Wengi wetu tumeambiwa kwamba barua ya tapeli hujulikana kwa Kiswahili kibovu, mhuri uliofifia na sifa nyingi. Wakati mwingine ni hivyo. Lakini barua ile ilikuwa na Kiswahili kizuri kuliko taarifa zangu, kwa sababu aliyeiandika alikuwa amesoma barua za kweli na kuziigiza. Na wanadamu kwa jumla si hodari wa kunusa uongo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walijumlisha tafiti nyingi zilizohusu watu zaidi ya 20,000 waliopewa kazi ya kubainisha nani anasema kweli na nani anadanganya. Wastani wa waliopatia ulikuwa 54 katika kila 100. Ukirusha shilingi juu na kuchagua upande, utapata 50. Kwa hiyo katibu anayeniambia kwamba yeye ana jicho, hadanganyiki, huyo ndiye ninayemwogopea zaidi.

Ndugu wajumbe, nataka tuache kuiuliza barua kama inafanana na ya kweli, tuanze kuiuliza inataka tufanye nini. Ile barua ya Ijumaa ilitaka fedha iache njia iliyozoea na kushika njia mpya. Hilo peke yake lilitosha kuisimamisha. Ilitaka jambo lifanyike upesi kuliko desturi. Na ilifunga mlango wa kuhakikisha: simu imeharibika, jibu hapa hapa tu. Mfanyabiashara mwaminifu anaweza kubadilisha akaunti, naam, na anaweza kuwa na haraka. Wote tuna haraka. Lakini hana sababu ya kukuzuia usimpigie kwa namba uliyoijua zamani.

Katika kisa kile palikuwa pia na dalili ya nyumbani ambayo mgeni asingeiona. Mwenyekiti yule ni mzee, macho yake hayaoni vizuri karibu. Hajawahi kuandika ujumbe wa simu maishani mwake. Hupiga, na akipiga huanza na "Mwangaluka" hata kama ni jioni. Katibu alilijua hilo. Aliniambia baadaye kwamba lilimpitia akilini, kisha akajisemea kuwa pengine kijana ndiye aliyeandika kwa niaba ya mzee. Hivyo ndivyo hila inavyofanya kazi: inakuachia wewe mwenyewe kuziba tundu zake. Pale unapojikuta unamtungia sababu mtu aliyekuandikia, weka kalamu chini.

Tusidhani kwamba haya yanawapata watu wa vijijini tu. Kati ya mwaka 2013 na 2015 raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alisajili kampuni yenye jina sawa na la kiwanda cha kompyuta cha Taiwan, akawa anapeleka ankara kwa makampuni ya Google na Facebook, nayo yakamlipa jumla ya zaidi ya dola milioni 100. Kompyuta wanazo, wahasibu wanao, wanasheria wanao. Alihukumiwa mwaka 2019 huko Marekani kifungo cha miaka mitano. Na mwanzoni mwa mwaka 2024 mtumishi wa kampuni ya uhandisi ya Arup, kule Hong Kong, alihamisha kiasi cha dola milioni 25 baada ya mkutano wa video ambamo aliwaona na kuwasikia wakubwa wake. Wakubwa wale walikuwa ni sura na sauti zilizotengenezwa kwa programu za akili unde. Basi hata "Mwangaluka" ya Mwenyekiti wetu kesho inaweza kuigizwa. Dalili za sauti na mtindo zitusaidie kushtuka, lakini zisitutoshe kulipa.

Niseme neno kwa ndugu zetu wa vyama vya wachimbaji wadogo waliotoka upande wa Geita. Kwenu hila huja kwa pande mbili. Wapo wanaoazima jina la sehemu zenu, wanapeleka picha za dhahabu kwa wageni wa ng'ambo, wanataja bei ya chini kabisa, kisha wanadai watumiwe kwanza ushuru, bima na usafiri. Dhahabu haipo. Mwenye dhahabu halisi Nyarugusu ana soko la madini Geita, lililofunguliwa Machi 2019, ambako bei hufuata ile ya dunia. Ana sababu gani ya kumwuzia asiyemjua kwa nusu bei? Mgeni akiwaandikia kuuliza kama chama chenu ndicho kilichompa ahadi, mjibuni, msimcheke. Jina linalochafuliwa ni lenu. Upande wa pili ni mnunuzi anayekupelekea picha ya hati ya malipo na kukusihi uachie mzigo. Hati ya malipo kwenye picha ni karatasi tu. Subirini benki yenu wenyewe iseme fedha imeingia na inaweza kutolewa.

Haya, tufanyeje? Napendekeza kila chama kiwe na daftari moja, la karatasi, lenye majina ya wote tunaowalipa, na namba za simu na akaunti zao. Namba iingie humo siku mnapokutana na mtu ana kwa ana, au kutoka stakabadhi ya malipo yaliyofika salama, na watu wawili watie sahihi mbele yake. Ikija barua yoyote ya kubadilisha akaunti, haijibiwi kwa njia iliyoletwa. Katibu anafungua daftari, anapiga namba ya zamani, anazungumza, anaandika tarehe na saa. Namba iliyo ndani ya barua haitumiki kuihakikisha barua hiyo hiyo. Ni sawa na kumwomba mnunuzi athibitishe mizani yake kwa mawe yake. Ikiwa simu haipokelewi, malipo yanangoja. Bei ikipanda Jumatatu, ipande. Nimepiga hesabu za kisa kile: hata bei ingepanda kwa Sh. 5,000 kwa bomba, hasara ingekuwa Sh. 540,000.

Na zile hati zilizotiwa sahihi zikiwa tupu, Ndugu Wenyeviti, naomba nisizikute tena. Nitakapozikuta nitaziandika katika taarifa yangu kwa jina la aliyetia sahihi, si la aliyejaza. Sahihi mbili ziliwekwa ili vichwa viwili vifikiri. Mwenyekiti akisafiri, yupo makamu wake, au malipo yanamngoja arudi.

Mkifungua barua pepe za chama mjini, zifungeni kabla ya kuinuka, na nywila isihifadhiwe kwenye kompyuta ya watu. Bonyezeni *106# mtazame ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu, maana laini moja usiyoijua inaweza kuwa inaibia watu kwa jina lako.

Hila ikikwisha kupita, saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Pigeni benki au kampuni ya simu hapo hapo waizuie fedha kama haijatolewa, kisha mwende polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawahusu watu hawa. Namba ya tapeli ipelekwe 15040 kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Msifute ujumbe kwa aibu. Nimekwisha kukuta simu tatu zilizofutwa na wenyewe waliotapeliwa, na ushahidi ukaenda pamoja na aibu. Na bodi, kabla hamjamwita mtu mwizi, itisheni kwanza barua zote, mziweke mezani, mzisome herufi kwa herufi, pamoja na mkaguzi wenu kama anazembea.

Ile taarifa yangu niliifuta kwa taarifa ya pili, nikaisoma mwenyewe mbele ya mkutano mkuu wa chama kile, nikisimama. Chama kilimrudishia Katibu kile alichokuwa amelipa. Zile Sh. 6,480,000 hazikupatikana. Ng'ombe nao walikwisha chinjwa. Aliombwa arudi kazini akakataa, na sikumlaumu.

Amekubali, hata hivyo, kuja nasi leo. Baada ya chai atakuwa kwenye meza iliyo karibu na mlango, pamoja na madaftari aliyoyapigia mistari mwenyewe, moja kwa kila chama. Ameniomba niwaambie kwamba ukurasa wa kwanza mwandike namba ya Mwenyekiti wenu, na jinsi anavyosalimia.